Uchafu wa Baba Tsambikos

Archangelos, Rodi
14 Juni 1987

Mpendwa Shangazi Evdokia,

Pokea salamu zangu, mimi mke wa mpwa wako Savvas. U hali gani huko Melbourne? Baridi imeshaanza? Na goti lako je, linakuruhusu kwenda kanisani? Sisi huku ni wazima wa mwili.

Shangazi, nimeolewa! Mpaka leo nikiamka namtazama Savvas nacheka peke yangu. Fidla zililia kutwa, na melekouni, vile vitamu vya harusi vya ufuta na asali, vikanigandia hadi kwenye shela. Laiti ungekuwepo!

Lakini nyumba yetu imeingiwa na msiba usio na maiti.

Unakikumbuka kile kichupa cha manukato cha Wagiriki wa kale, ambacho kaka yako, baba mkwe wangu, alikinunua kwa kibali cha serikali na kukiweka dirishani? Kioo chake kilivaa ngozi nyembamba ya kijani, zambarau na dhahabu, kama shingo ya njiwa. Ni udongo ulioifuma kwa miaka elfu mbili. Baba kwa utani aliiita uchafu wake. "Anthoula, pangusa nyumba nzima, uchafu wangu niachie!" Mama humjibu, "Mzee mchafu wewe, nilikuona ulivyo tangu siku ya posa!"

Harusi ilipokaribia, Mama akaona haya. Bibi harusi anaingia, wageni wanakuja, na dirishani kuna uchafu! Akakisugua kwa siki na limau mpaka kikawa cheupe. Akanionyesha kwa furaha: "Mwanangu, nimekusafishia." Nikambusu, maskini, wote wawili hatujui.

Baba hakufoka. Afadhali angefoka. Alikigeuzageuza juani, akasema, "Sasa ni chupa tu." Tangu hapo hasemi na Mama. Jana Mama alishindwa kuvumilia: "Miaka yote unakiita uchafu, Tsambikos! Ningejuaje?" Baba akachukua kofia, akatoka. Mama akanigeukia: "Ile ni chupa tu. Na mimi, mwanangu, nimekuwa nani?"

Nimeolewa juzi, Shangazi, sikujua kwamba watu waliopendana hivi wanaweza kunyamaziana hivi.

Baba anakusikiliza wewe tu. Tafadhali piga simu Jumapili yoyote, baada ya ibada. Kichupa usikitaje. Zungumza naye, kisha mwambie, "Niitie Anthoula." Simu iko sebuleni, Mama hushinda jikoni. Itambidi aite jina lake.

Nisalimie mumeo, Bwana Lefteris, na binti yenu Despina. Savvas anakukumbatia. Mama wa Mungu akufunike kwa vazi lake.

Wako akupendaye kabla hata hatujaonana,
Chrysanthi