Mjukuu Anangoja Hadithi ya Gauni

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili ndiyo siku simu inapolia, na ndiyo siku ninapojifanya niko bafuni.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, mtoto wangu ni mmoja tu, binti, na huyo mmoja akaolewa ng'ambo, nchi ambako watu wanaongea Kihispania, akazaa huko mtoto wa kike ambaye sasa ana meno mapya ya mbele na maswali mengi, na Kiswahili cha mjukuu huyo ni "shikamoo Bibi" mwanzoni na "kwaheri Bibi" mwishoni, hapo katikati tunamtegemea mama yake atutafsirie, na mama yake, Shangazi, anatafsiri kama mtu anayelipia kila neno, mimi naongea mpaka mate yananikauka, yeye anageuka anamwambia mtoto maneno matatu.

Basi siku moja mtoto akauliza mama yake alikuwaje alipokuwa mdogo, nikafurahi, nikasimulia jinsi alivyokuwa akishinda chini ya meza yangu ya kukatia, akiwavalisha vijiko vipande vya vitambaa, mpaka siku aliponyakua mkasi akakata mkono wa gauni la bi harusi, na bi harusi mwenyewe yuko mlangoni amelifuata, nikacheka mpaka nikashika ukuta, lakini binti yangu hakucheka, akamwambia mtoto kitu kifupi, nikauliza, "Umemwambiaje?" akasema, "Nimemwambia nilikuwa mtoto mtulivu." Mtulivu! Yule!

Nikaamua nitajifunza Kihispania, nimsimulie mwenyewe. Darasa liko juu ya duka la dawa, saa kumi jioni, tuko mimi, mhudumu wa hoteli, na kinyozi anayetaka kuwaelewa watangazaji wa mpira. Nilikwenda vizuri tu mpaka tulipofika kwenye mambo yaliyopita, kumbe wenzetu yaliyopita wameyagawa, cosía ni nilikuwa nikishona, kazi inaendelea au ndiyo ilikuwa desturi yangu, na cosí ni nilishona, ikaisha, nikakunja, na ukinieleza hivyo naelewa, ila nikifungua mdomo yananichanganyikia. Mwalimu akatuambia tuandike siku tusiyoisahau, nikaandika siku binti yangu alipoondoka, mwalimu akasoma, akavua miwani, akasema, "Mama, hapa binti alikuwa akibeba sanduku, alikuwa akifungua mlango, alikuwa akitoka. Huyu bado yuko mlangoni. Mtoe aende!" Darasa zima likacheka, kinyozi akapiga dawati. Mimi nikatazama dirishani.

Tangu hapo sipokei simu, nataka siku nitakayopokea nimpe mjukuu wangu hadithi iliyokamilika, isiyo na kosa, asije akamwona bibi yake mjinga. Jumapili iliyopita akaniachia ujumbe wa sauti, peke yake, mama yake hayupo: "Bibi, mimi ngoja wewe. Simu lia, lia. Wewe hapana." Nimeusikiliza mpaka jirani ninayepakana naye ukuta ameukariri. Je, Shangazi, nisubiri mpaka nizimudu hizo namna mbili, au niachane na Kihispania, turudi kwenye shikamoo na kwaheri?

Fundi wa chumba cha chini

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, pole sana. Pole imekwisha, sasa kaa nikuseme.

Mteja akija kupima nguo, unamvalisha nini? Unamvalisha nguo iliyopigwa bandi, nyuzi za kushikizia zinaning'inia, pindo halijakunjwa, bega moja limepanda lingine limeshuka. Unamzungusha, unabana hapa, unalegeza pale, na wala huoni aibu. Sijapata kuona fundi anayeshona mpaka kifungo cha mwisho ndipo amwite mwenye mwili. Sasa wewe umemwacha mtoto wa watu anatetemeka na shimizi, eti gauni halijaisha.

Hayo ya mambo yaliyopita usiyaogope, unayafanya kila siku mezani kwako. Kitambaa kilichotandazwa, ambacho huoni kilikoanzia wala kitakakoishia, ndicho cosía. Mkasi ukipita, ndio cosí. Binti alikuwa akikaa chini ya meza, alikuwa akivalisha vijiko: kitambaa. Binti akakata: mkasi. Na ukichanganya je? Mjukuu ataelewa tu, maana kwa vyovyote utakavyosema, mkono wa gauni utakuwa sakafuni.

Kuhusu binti aliyebaki mlangoni, mwalimu ana haki na alama zake, nawe una haki na mlango wako. Darasani mtoe, upate alama. Nyumbani mwache asimame hapo muda unaotaka. Ila usimfanye mjukuu alipe kwa kuwa kinyozi alicheka. Kinyozi mwenyewe anasomea magoli.

Sasa nikuulize. Ule ujumbe uliosikiliza mpaka jirani akaukariri, ni Kiswahili gani kile? "Mimi ngoja wewe." Kimeshonwa wapi? Hakina pindo, hakina kifungo, nyuzi zinaburura chini. Mbona hukuvua miwani? Mbona hukusema mtoto huyu mjinga? Ulielewa kila neno, ukalia. Basi na yeye ana masikio kama yako.

Jumapili weka simu juu ya meza ya kukatia, chukua mkasi mkononi aone. Mwambie binti yako aende jikoni. Akikataa, mkumbushe kwamba gauni lile lilikuwa la bi harusi na wewe bado hujamsimulia mkwe wako. Kisha anza na neno lolote litakalotangulia kinywani, likipinda mtalinyoosha pamoja. Na darasa usiache, ghorofa hiyo endelea kuipanda.

Mjukuu wako hakusema kama alingoja au bado anangoja. Hilo utaliamua wewe, simu ikilia.