Jina la Erot Halibanwi

Kiwanjani, Isiolo
Jumatatu asubuhi

Kwa ndugu yangu mdogo Lokuruka, mzee wa kanisa, Kinna.

Bwana asifiwe! Nimeanza na hiyo ili usiikunje karatasi kabla hujafika katikati. U hali gani, na goti lako je? Shemeji Akaale anaendeleaje? Maji ya mfereji yanafikia vitunguu vyenu, ama wale majirani wa juu bado wanayafunga? Mimi ni mzima, ninakula na ninagombana na watu kama kawaida. Naandika kwa sababu ukiona jina langu kwenye simu unakata. Barua italetwa na Abdinasir wa nguo akija sokoni, na huyo hakatiki.

Habari yenyewe ni hii. Ulinituma kwa fundi Kaberia nirekodi wimbo wangu wa ng'ombe, ule wa kumsifu maksai wangu, upigwe kwa spika siku ya harusi ya binti yako Nakal, badala ya mimi kusimama na fimbo mbele ya wachungaji wako. Ulisema sauti yangu inatisha wageni. Nilikubali upesi mno, Lokuruka. Mtu anayenijua angeshtuka.

Basi nikavaa koti nikaenda. Kaberia akanifungia katika chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akasema niimbe. Wimbo unaujua: unaanza kwa mlio, kama dume linalovunja boma, kisha sauti inashuka chini kabisa, pale mwenye ng'ombe anapotajwa polepole. Nilipomaliza akanivalisha vile vya masikioni. Nikamsikia mzee mmoja mpole akitangaza kifo cha jirani. Nikauliza ni nani huyo. Akasema ni mimi. Nikamwambia aliyehasiwa ni ng'ombe, si mwimbaji!

Akacheka hadi akafuta macho, akanieleza. Ndani ya kompyuta yake kuna kitu kinaitwa kompresa. Si ile ya kujaza upepo magurudumu, hii inabana sauti. Mimi nilielewa hivi: ni mtu amesimama mlangoni pa boma na kamba. Sauti ikirukia juu ya alama aliyowekewa, anaivuta chini. Kuna mahali pa kumwambia avute upesi kiasi gani, wao wanapaita ataki, na mahali pa kumwambia alegeze kamba baada ya muda gani, hapo ni rilisi. Kwangu aliwekwa wa kuvuta papo hapo, ndiyo maana mlio ulinyongwa kabla haujatoka. Tena aliwekwa wa kukawia kulegeza, kwa hiyo sauti iliposhuka kamba bado ilikuwa shingoni, na lile jina likamezwa lote.

Nikamwambia amfukuze huyo mtu. Akakataa, na hapo alikuwa na haki. Bila yeye mlio unapasua spika, na ukipunguza yote kwa sababu ya mlio, maneno ya chini hayasikiki hata ukilalia spika. Tukabishana, tukanywa chai, tukabishana tena. Mwishowe akamchelewesha kuvuta kidogo, mlio ukapita na pembe zake ndipo ukashikwa. Kule kulegeza akakufupisha. Mara ya kwanza alizidisha, pumzi zangu zikawa zinavimba kati ya maneno kama punda anayepanda mlima, tukarudisha kidogo. Halafu nikalisikia jina, wazi kabisa. Nikalia. Usimwambie mtu.

Kuona machozi, Kaberia akasema ukweli. Ulimpigia simu, ukamwomba aubane mwanzo na aumeze mwisho. Sababu hukumpa, lakini mimi ninaijua.

Jina ni la Erot, kaka yetu. Ng'ombe alikuwa wake kabla hajawa wangu, na Nakal alikuwa wake kabla hajawa wako. Alikufa mtoto hajatambaa, ukamrithi Akaale kwa desturi yetu, ukamlea binti vizuri kuliko baba yeyote niliyewahi kumwona. Hilo nitalisema hata mbele ya askofu. Lakini miaka yote hii umeliogopa jina la mfu, ukidhani likitajwa binti atakuacha.

Sasa keti chini. Nakal anajua. Mama yake alimwambia siku alipochukua kitambulisho. Ni yeye aliyenijia hapa kabla wewe hujanituma kwa fundi, akaomba wimbo usipungue hata neno moja. Nikamwuliza, na Lokuruka je? Akanijibu kwa ukali kwamba atakayemshika mkono kuingia ni baba yake, naye baba yake yuko Kinna na goti bovu. Nusura anipige, huyo binti yako.

Rekodi nzima iko kwenye simu yake. Ile uliyoletewa wewe ni ya mzee mpole, itumie kwa matangazo ya kanisa. Ukitaka, agiza spika izimwe. Nitakuwa nimekaa mbele, nitasimama nimalizie kwa koo langu, na hapo hakuna wa kunivuta kamba. Uniite mzee mkaidi, nimeshaitwa mabaya zaidi na watu wenye heshima zaidi.

Msalimie Akaale, mwambie aniwekee nyama ya nundu. Wasalimie na wanakwaya wote, hasa wanaonuna. Na jina likitajwa, usiangalie chini, mdogo wangu. Wageni watakuwa wanamtafuta kwa macho baba wa bibi harusi, nao wamwone.

Ni mimi mkubwa wako, upende usipende,
Lodio