Kichwa Kimoja, Misuko Miwili

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana shangazi amenipa mpaka siku hiyo niamue, na usingizi sasa naupata ila uamuzi siupati.

Mimi ni msusi. Saluni ni ya shangazi, ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu na kutufundisha kazi, na huyo mdogo wangu tulikuwa tunasuka kiti kwa kiti, tunabuni mitindo huku tunataniana, mpaka alipougua ghafla mwaka jana akafariki. Tulipomzika sikulia, nilisuka, nikawa nakamata vichwa viwili kwa pamoja, huyu asubiri kidogo nimalizie yule, redio juu, simu nimeibana begani, watu wakinisifu kwamba mimi ni mashine, na kweli nilikuwa mashine kwa sababu mtindo mpya hata mmoja haukunijia, mikono ilirudia yale yale.

Basi mwezi uliopita akaja nesi mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, nikamsuka huku naongea na simu na kumkimbilia mwingine, nilipomaliza akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huku kushoto kanisuka nani?"

Natazama, mama yangu, kulia mistari inarudi kisogoni, kushoto inapanda utosini, nikatamani ardhi ipasuke. Yule mama hakukasirika, aliniambia nizime redio, nifumue taratibu, yeye hana haraka, nyumbani anangojewa na paka tu.

Nikafumua. Sijui ilikuwaje, mshauri, saluni iliponyamaza nikaanza kuzisikia nywele vidoleni, machozi yakanitoka yakamdondokea begani, naye akanipa leso. Nilipoanza kusuka upya vidole vikaenda vyenyewe, mistari ikazunguka sikio ikapanda ikakutana juu, mtindo ambao sijauona popote, wateja wakaacha simu zao wakasimama kutazama. Tangu siku hiyo nasuka kichwa kimoja kwa wakati, watu wananiulizia mimi, nabuni mingine, nikitaka kulia nalia, na nina furaha, mshauri, mpaka naona haya. Lakini shangazi amechachamaa, anasema saluni si matangani, nirudie mwendo wangu au nitafute kiti kwingine. Je, nirudi? Nitamkatalia vipi aliyenilea?

Msusi, kiti cha dirishani

JIBU

Marahaba, msusi, na pole sana kwa kufiwa. Sasa ngoja nikugombeze. Umeshinda vita, halafu unaniandikia kuomba ruhusa ya kushindwa.

Usirudi. Haraka haraka haina baraka, na wewe ushahidi umeuona kwenye kichwa cha mteja. Mikono yako imefufuka kwa sababu uliipa utulivu, na huzuni yako imepata mlango kwa sababu hiyo hiyo. Furaha hiyo usiionee haya. Hiyo ni haki yako, na mdogo wako angekuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti chako asukwe.

Lakini na wewe una kosa. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipomwambia shangazi kwamba ulilia, sikupaona. Machozi umempa mteja, habari umenipa mimi usiyenijua hata sura, aliyekulea umemnyima. Yeye anaona tu msusi wake amepunguza mwendo. Na aliyezikwa alikuwa mtoto wake pia. Wewe ulijificha kwenye kazi, je, hukuwahi kujiuliza yeye anakimbia nini anapokuhimiza hivyo?

Fanya hivi. Jumamosi fika kabla ya wateja. Simu iweke kwenye droo, redio usiiguse. Mwambie kwa heshima, bila kutetemeka, kwamba kichwa kimoja kwa wakati ndio mwendo wako sasa, na wanaokuulizia anawaona mwenyewe. Akifoka, mwache amalize. Kisha mvutie kiti umwombe akae, maana sidhani kama kuna aliyemkalisha huyo mama tangu msiba. Mfungue kitambaa cha kichwani, ugawe nywele zake pole pole, umsuke huo mtindo wako. Ukiona mabega yake yanatikisika, usimuulize kitu, na usiache kusuka.