Alama Nyeupe Niliyoifuta kwenye Propela Yako

Masanja, mume wangu,

Nakuita hivyo bado. Mimi bibi yako na wewe mjukuu wangu, utani wetu haukufa siku tulipokuzika zizini. Anayeshika kalamu ni Hamisi, dereva wako, maana mimi herufi naziona kama nyayo za kuku. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake mafuta.

Mvua zimekwisha. Mtama umekomaa na ndege wanaumaliza, moyo wa kuwafukuza sina. Ng'ombe yule mwekundu amezaa jike... Hapana. Nina neno, nami nalizungukia kama fisi anavyozunguka boma.

Masanja, ni mimi niliyeliharibu lori lako.

Ulipolileta lile lori kuukuu la jeshi lilikuwa na mlango mmoja tu. Ukalinyanyua kwa springi ndefu, ukalivika matairi makubwa, ili masika livuke matope meusi ya mbugani na kuwapelekea chakula wachimbaji wa Geita. Nikakuambia, "Hili sasa ni twiga." Ukanijibu, "Panda basi, mke wangu, ukaone kwao." Kwa kuwa lilikuwa limeinuka, propela, ule mti wa chuma unaozungusha magurudumu ya nyuma, ikawa fupi. Ukaunga vipande vya magari mawili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno. Siku tatu ulijaribu jino moja moja, mpaka lori likakimbia bila kutikisika. Hapo ukapaka chokaa kila kipande, alama zitazamane, ujue jino lipi liingie wapi. Hayo nimeyajua juzi. Wakati ule nilikuwa shambani.

Halafu ukaifungua propela, ukailaza juu ya gunia, ukaenda Kahama kutafuta krosi mpya, kile chuma cha umbo la msalaba cha kiungo chake. Nikapita, nikaona weupe juu ya chuma. Kwetu nani hupaka cheupe kwenye kitu cha mtu bila sababu? Nikajua mwenye kijicho amekutegea dawa. Nikavichomoa vile vipande, nikavisugua kwa majivu na mchanga, nikavirudisha nijuavyo mimi. Nikanyamaza, maana dawa ukiifuta kisha ukaitaja, inarudi.

Uliporudi uliniuliza, "Bibi, kuna mtu amekichomoa hiki?"

Nikasema, "Nani ana haja na vyuma vyako?"

Ukaniamini. Ukadhani chokaa imeoshwa na mvua, ukaifunga vilevile.

Lori likaanza kutetemeka. Likienda polepole limetulia. Likishika mwendo linatikisika tumbo zima, meno yananigongana mimi niliyesimama uani. Ukahamisha matairi ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Ukakaza springi. Ukaitoa krosi mpya, ukaigeuzageuza juani. Ulitafuta kila mahali isipokuwa pale nilipokufungia mlango kwa ulimi wangu. Mafundi wa Shinyanga mjini wakacheka: "Masanja ameunda ngoma!" Homa ikakukuta ukiwa bado chini ya lori. Nilipokunywesha uji ukaniambia, "Bibi, mikono yangu imeniacha."

Nami nikanyamaza. Nilidhani nakulinda, ng'wanawane. Mwanangu. Siku ya tano ukaondoka.

Hamisi wakati ule alikuwa Geita. Juzi amekuja kulivuta lori likauzwe vyuma chakavu. Akaingia chini, akatoka, akaniuliza, "Bibi, Masanja alikuwa na alama zake nyeupe hapa. Ziko wapi?"

Niliketi mavumbini nikamwambia yote. Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alizungusha kipande jino moja moja, analiendesha, anarudi, anazungusha tena, tangu asubuhi mpaka alasiri. Kisha akaniita nipande, tukashika barabara ya Kahama. Lilikimbia, Masanja. Laini, kama maziwa yanavyomiminika kwenye kibuyu. Nililia mpaka Hamisi akasimama kando, akidhani nimeumia.

Lakini mjini wanasema bado kwamba ulikuwa fundi wa mdomo. Kwa hiyo keshokutwa, siku ya mnada, nitasimama mbele ya mafundi wale niseme kosa ni langu. Hamisi hataki. Hapa ameweka kalamu chini, ananiambia, "Bibi, macho yako mekundu kwa moshi, na umeshika kitu cha marehemu ukaficha. Watasema umemroga."

Najua anachokiogopa. Vikongwe wenzangu wamekatwa mapanga kwa machache kuliko hayo. Nimemwambia, shika kalamu wewe mtoto wa mjini, uandike. Aliyekufa hawezi kujitetea. Mimi mdomo ninao, na ndio huo uliokudhuru, ukafanye kazi.

Basi pumzika. Nakuahidi nitasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe, wasikie mpaka wa nyuma. Na nikija huko upesi kuliko tulivyodhani, usinipe shikamoo. Nigombeze kwanza, nigombeze mpaka uchoke. Halafu ndipo unisogezee kigoda.

Bibi yako, mkeo mzee.