Shela Ile Avae Nani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana harusi yangu ni Jumamosi na usingizi umenikimbia. Mguu wangu wa kushoto umepooza tangu utotoni, natembea kwa mkongojo, na kabla ya mchumba wangu Doniyor walikuja washenga wengine, wakanywa chai, wakaniona nikisimama, wakaaga hata mkate wa uchumba haujamegwa. Mama Hosiyat, mama yake Doniyor, aliniona nilivyo, akaumega mkate kwa mkono wake akaniita mwanangu, na tangu siku hiyo namwombea kila nikikaa kwenye mswala. Sasa Jumapili, siku ya pili ya harusi, kuna ile asubuhi ya salamu, bibi harusi anasimama uani amefunikwa shela, mwimbaji anataja ndugu wa mume mmoja mmoja naye anawainamia, na shangazi yake Doniyor kasema mbele yangu, "Kiwete huyo atainamaje? Ataangukia sinia la pilau, mji mzima wa Margilan utucheke!" Ndugu waliokuwapo wakacheka. Mama Hosiyat akanivuta pembeni huku analia, "Mwanangu, wewe na binamu yako Saodat mnalingana kimo. Avae shela yeye, ainame yeye, wewe upumzike ndani. Sitaki wakuumize." Nitamkataliaje mtu aliyenipokea wakati wengine walinikimbia?
Muhabbat, Margilan

Muhabbat mwanangu, pole, hongera, halafu nakugombeza. Kwani anayeolewa ni Saodat?

Shukrani yako ni ya haki, na mimi mwenyewe namshukuru huyo mama bila kumjua. Wakwe wa namna hiyo hawaokotwi barabarani. Lakini mkate aliumega mkongojo wako akiuona. Ukikubali akufiche Jumapili kwa huruma, utafichwa kila mgeni akibisha hodi, na yule shangazi atakuwa ameshinda bila jasho. Doniyor ndiye wa kumnyamazisha shangazi yake, mwambie aanze leo.

Wewe nenda kwa Mama Hosiyat. Mbusu mkono, umwambie, "Mama, ulinipokea na mguu wangu. Nipokee nao mbele ya watu." Mwombe kiti imara, uiname umekaa, mkono kifuani, naye asimame ubavuni akushikie mkongojo. Jina la shangazi likitajwa, mwinamie polepole kuliko wote. Anangoja uanguke, basi mngojeshe.

Mwisho shela itafunuliwa, na wa kwanza kusogea kumtazama mkamwana aliyemchagua atakuwa Mama Hosiyat. Tafadhali, asimkute Saodat.