Misumari Uliyomtumia Issát

Njárgajávri,
Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili.

Mpendwa dada Ravdná,

Hujambo huko kwenye mvua ya Bergen? Magoti je, bado yanakubali kupanda vile vilima? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na anasengenya vizuri zaidi, kwa hiyo ana afya kutushinda sote. Kulungu majike wanakaribia kuzaa.

Salamu zimetosha, sasa nikugombeze.

Ile misumari ya mkanda uliyomtumia mdogo wetu Issát wakati wa Krismasi, ameifunga kwenye mkanda wa mpira unaosukuma pikipiki yake ya theluji. Kwetu hatumwulizi mtu ana kulungu wangapi; ni sawa na kumpekua mifukoni. Lakini misumari yake Issát anamhesabia kila mgeni kabla hajavua glavu. Siku ya kwanza aliinua mashine kwa nyuma, akaiwasha ili tuone mkanda unavyozunguka. Nikamwambia watu wasisimame nyuma yake. Akanicheka. Msumari mmoja ukachomoka, ukatoboa birika lililokuwa juu ya gogo. Birika la Mama, Ravdná! Na kahawa ndani!

Nikamwuliza, "Na skii za mbele, umezifunga visu?" Maana skii ndizo zinazokata kona, kwa makali ya visu vya chini yake; mkanda ukiuma barafu na skii zisiume, mashine huenda mbele kama fahali na usukani unabaki pambo. Alinuna kana kwamba nimemwuliza idadi ya kulungu wake.

"Kaka, hesabu vya kwako," akasema.

Jumapili ya Matawi akampakia Mama kwenye sleji ya kukokotwa nyuma ya mashine, tukavuka ziwa lililoganda. Mimi nilifuata kwa mbali, kwa sababu mkanda wangu ni mtupu: yeye akifunga breki husimama papo hapo, mimi ndiyo kwanza naanza kuteleza. Pale kwenye rasi, mto unapoingia na barafu kuwa nyembamba, akakata usukani kushoto. Skii zikapinda kushoto kwa adabu zote, na mashine ikaendelea moja kwa moja kuelekea majini. Akafunga breki. Walisimama maji meusi yakiwa mbele yao, umbali wa kutupa kamba ya kunasia kulungu.

Unajua alisema nini? "Mmeona? Misumari imetuokoa!"

Na watu waliokuwa ufukweni wakampongeza! Mtu anakutia shimoni, anakuvuta nusu, kisha anadai ahsante.

Nilimwomba Mama kwamba Jumamosi, tukienda ng'ambo kwenye ubatizo wa mjukuu wa shangazi, apande sleji yangu.

"Nishuke kwenye sleji ya kitinda mimba wangu mbele ya ukoo mzima?" akaniambia. "Si bora nimvue nguo mlangoni mwa kanisa!"

Kwa hiyo aibu ya Issát ilikuwa nzito kuliko uhai wa Mama. Ijumaa Kuu, Issát aliposhiba mchuzi wa kulungu na kulala kama gogo, nilifungua visu vya mashine yangu nikavifunga chini ya skii zake. Mashine zetu ni za chapa moja, kama sisi wenyewe. Mama alinitazama dirishani. Alikwenda tu kurudishia mlango wa chumba, spana isimwamshe mwanawe.

Jumamosi wakapita pale kwenye rasi, wakakata kona safi kabisa, Mama akinipungia mkono. Mimi niliiacha mashine yangu isiyo na visu, nikavuka kwa skii za miguu. Nilipofika, mtoto alikuwa na jina tayari na mabakuli yalikuwa yanaoshwa.

"Pole, kaka, umekuja kwa miguu?" Issát akaniuliza mbele ya watu. "Ila umeona misumari inavyokata kona?"

Nikasema nimeona. Mama akanisogezea nyama aliyonifichia chini ya kitambaa chake.

Nisalimie shemeji Torbjørn na wanao, Sunná na Ánte. Mungu awape njia kavu na akili ya kuzipitia.

Kaka yako akupendaye, leo kwa shida kidogo,

Jovnna

Tena: Krismasi ijayo ukijisikia kutuma chuma, tuma visu. Na juu ya kifurushi andika jina langu.