Pa Kuviweka Vyombo vya Mama

Nguvumali,
Tanga.
26 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Yasini,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako ya juzi simu ilikatika kabla sijaiitikia, basi marahaba. U hali gani huko Newala? Wifi Mastura je, kifua kimepata nafuu au vumbi la huko bado linamsumbua? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Shemeji yako Haji ni mzima isipokuwa kidole gumba, alichojipiga nyundo, na sababu yake utaisoma humu humu.

Barua hii anakuletea Tahiri, jirani yetu anayekuja huko kwa shughuli za korosho, pamoja na begi. Usishangae begi kuwa tupu, Tahiri hajakuibia kitu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Mama anakuwa hapo hapo, masikio yake bado makali, na anayezungumzwa ni yeye.

Unakumbuka tulivyokubaliana baada ya Mama kuteleza na kuanguka kando ya kisima, kwamba hawezi tena kukaa peke yake Pangani, aje kwangu. Na unakumbuka alivyotujibu. Atakuja mwezi mmoja tu kututazama, tena na vyombo vyake vyote, na mwezi ukiisha hajaona raha, anarudi kwake. Wewe ukasema vyombo viuzwe. Mimi nikakuunga mkono, Mungu anisamehe, maana nyumba yangu unaijua: vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe ukinyoosha miguu unampiga mgeni.

Basi likaja lori la Kenta limejaa vyombo. Nikatoka mlangoni nikashika kiuno. Kitanda cha samadari cha marehemu bibi na nguzo zake nne, kasha la nguo za harusi, majamvi sita, na yale masufuria ya shughuli, yote saba, pamoja na lile kubwa ulilojificha ndani yake siku ya kutahiriwa. Majirani wakatoka kutazama wakidhani tunafungua hoteli.

Samadari haikupita mlangoni. Haji akaifungua ubao kwa ubao, akaziandika namba kwa chaki, kisha mbao zikaachwa uani, mvua ikanyesha, namba zikafutika. Ilituchukua siku mbili kuiunganisha, na hapo ndipo kidole gumba kilipopata msiba wake. Lakini Yasini, nakwambia, kitanda ulichotaka kiuzwe ndicho kilichotuokoa. Uvungu wake ni kama chumba cha tatu. Kasha limeingia, majamvi yameingia juu ya vibao yasishike unyevu wa sakafu, cherehani yangu imeingia, hata gunia la mchele. Mama nikamwachia na kabati, rafu tatu tupu, aweke nguo zake.

Masufuria ndiyo yaliyotutoa jasho. Haji alipanda juu, akapigilia mbao kwenye kenchi za paa, tukayavuta kwa kamba, tukayapanga moja ndani ya jingine na kuyafunika turubai. Nilijisifu mtaa mzima. Nikamwita Mama aje aone. Akatazama juu, akauliza, "Sasa mtu akifiwa, atajuaje kama tunayo?" Nikamwambia hapa mjini watu hukodi. Akageuka akarudi chumbani.

Kuanzia siku hiyo akapoa. Anakula kidogo, anaswali, anarudi kitandani. Nguo zake hakuzitoa. Begi lake lilikaa nyuma ya mlango, kila asubuhi anachomoa gauni moja na kufunga zipu tena, na rafu zangu tatu ziko vile vile. Nilikuwa nikipita pale moyo unaniuma. Ilipobaki wiki moja mwezi uishe, nilishaanza kukuandikia kwamba tumeshindwa.

Ndipo nikakumbuka masufuria yale yalikuwa yakikaa wapi kule Pangani. Yalikaa kwenye kichanja pembeni ya mlango wa mbele, yamefudikizwa, kila apitaye anayaona. Mwenye arusi anapiga hodi, mwenye msiba anapiga hodi, na anayekuja kuazima hawezi kuondoka bila kukaa. Ndiyo maana Mama hakuwahi kumaliza siku mbili bila mtu. Mimi nikayaficha vizuri sana, na yeye nikamficha humo humo.

Nikamwambia Haji ayashushe. Alinitazama nikadhani leo narudishwa kwetu. Lakini aliyashusha, akajenga kichanja cha mirunda chini ya upenu, upande wa njia, na Mama mwenyewe akaomba kiti akae amwelekeze, yaani amgombeze. Kilikamilika Alhamisi. Ijumaa asubuhi jirani yetu Bertha, Mlutheri wa nyumba ya bluu, ambaye bintiye Precious alikuwa na kipaimara Jumapili, akasimama njiani.

"Shikamoo Bibi! Haya masufuria ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Ya mtaa. Ila nguruwe haingii humo."

Bertha alicheka hadi akashika ukuta. "Bibi, tunachinja ng'ombe, tena mchinjaji ni shekhe wa msikiti wenu."

"Basi chukua. Na ukoko wa pilau niwekee mimi."

Ukoko hakungoja aletewe. Jumapili alikwenda mwenyewe, akakaa jikoni kwa Bertha kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, akiwafokea wapishi kwamba moto ni mkali. Jana masufuria yalirudi yamesuguliwa, na wanawake watatu waliokuja nayo wakakaa barazani hadi alasiri. Leo amekuja mwingine, wa barabara ya pili, anayataka kwa arobaini ya mumewe, na majamvi pia. Kwa hiyo tatizo letu la nafasi limekwisha hivyo, vyombo havikai nyumbani.

Sasa lile begi. Leo nimeingia kufagia chumbani kwake nikakuta rafu zote tatu zimejaa, khanga zimekunjwa na kupangwa, na Mama amesimama katikati ya chumba na begi mkononi. Akaniuliza, "Hili tuliweke wapi?" Nikatazama uvunguni, nikatazama juu ya kabati. Wallahi hapakuwa na nafasi hata ya kiberiti. Nikaanza kulia, fagio mkononi.

Akasema, "Basi mpelekeeni Yasini. Mimi sina safari."

Ndilo hilo ulilopewa na Tahiri. Mama anataka ulirudishe mwenyewe likizo ya Desemba, likiwa na nguo zako na za wifi, na pa kuziweka tutapatafuta.

Msalimie sana wifi, na yule mwalimu mwenzako Hosea aliyekuja nawe Idi iliyopita. Bertha na Precious wanakusalimu ingawa hawakujui. Haji naye anakusalimu, anasema ukija usije na kitu kikubwa. Mwenyezi Mungu awape afya, awafungulie njia, atukutanishe kwa heri barazani kwa Mama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Tausi